Nilivyojifunza Kutulia kwa Ng'ombe wa Jirani

Mwanangu Severina,

Salamu hatuna haja nazo, maana shikamoo yako niliiitikia asubuhi na chai tumekunywa pamoja. Umekwenda Katindiuka kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema; atakulisha, atakulilia, kisha atakulisha tena. Nimepata mchana wa peke yangu nikaona niandike, kwa sababu kesho kituoni treni ikifika sitaweza kusema kitu cha maana. Unanijua. Nitaanza kugombana na watu kuhusu begi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutomwazima kila mtu ndoo yako, nayaacha. Umeyasikia tangu ulipojua kutembea, na kama hukuyashika mpaka leo, karatasi haitakusaidia. Ninachotaka ni kukujibu lile ulilosema juzi jioni ukichambua mchele. Ulisema, "Mama, ukiniambia nibaki, nabaki. Ualimu naweza kusoma hata mwakani." Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, Seve. Neno "baki" lilikuwa limeshafika mdomoni, nikawa nalimeza. Najua kuna kitu kinachokushika miguu usiondoke, na ni mimi niliyekiweka. Kwa hiyo uvumilie urefu wa barua hii.

Lazima nianze na mdogo wako Beno, uniwie radhi. Najua jina lake hatulitaji humu ndani.

Ule mwaka ambao vilabuni hapa Ifakara watu walikuwa hawana hadithi nyingine isipokuwa vyama vingi, sisi tulikuwa shambani ng'ambo ya mto. Unakumbuka ilivyokuwa. Mpunga ukianza kutoa, nyumba ya mjini inafungwa, tunahamia shamba na sufuria, mikeka na kuku, kwa sababu kwelea kwelea hawamsubiri mtu anayekwenda na kurudi. Wewe ulikuwa darasa la tatu, nami nilikutoa shule uje kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kama wazazi wote walivyofanya, na walimu walikuwa wameshazoea kuona madawati matupu msimu huo. Beno alikuwa bado anajifunza kusema. Ndege aliwaita "kweya", na kila wakiruka alipiga makofi, akidhani tunawafurahia. Baba yako alikuwa kwenye kambi ya wavuvi, mbali chini ya mto.

Beno alishikwa na homa. Nilimkanda maji, nikampa vidonge vilivyobaki kwenye pochi, nikajiambia kwamba asubuhi tutatafuta mtumbwi tuvuke naye kwenda hospitali. Mto ulikuwa umejaa na giza lilikuwa limeshaingia. Nilimlaza pamoja na wewe kwenye kitanda cha miti, nami nikajilaza mlangoni kuwasikilizia nguruwe pori wasiingie mpungani. Nilikuwa nimechoka, nikalala. Asubuhi nilipomgusa alikuwa ameshapoa.

Majirani walikuja mbio kwa kelele zangu. Mbele yao wote nilikugeukia wewe, umesimama na kanga yangu mabegani, nikasema, "Ulilala naye kitanda kimoja! Hukusikia anavyopumua?"

Mama mmoja alikushika mkono akakutoa nje. Na mimi, mwanangu, maneno hayo niliyasahau. Sikuyaficha wala sikuyanyamazia, niliyasahau kabisa, kama mtu anavyosahau alichopayuka akiwa na malaria kichwani. Nitayarudia, lakini kwanza nikueleze kilichonipata, maana ulikuwa unakiona bila kukijua jina.

Tulimzika Beno, mavuno yakaisha, baba yako akaenda Mlimba kutafuta kazi akapata na nyumba nyingine huko. Mimi nikawa mtu wa ajabu. Nimekaa tu kwenye kigoda, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na nyati. Mikono inatetemeka mpaka siwezi kutunga sindano. Usingizi ukawa kitu cha watu wengine. Nilikwenda hospitali, yule mganga kijana akanipima mkono, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, presha iko juu. Punguza mawazo."

Seve, tangu siku hiyo kila mtu aliniambia nipunguze mawazo. Mganga, katekista, shangazi zako, hata muuza mafuta ya taa. Wanalisema kama vile mawazo ni chumvi kwenye mboga, unachota kijiko unamwaga. Hakuna hata mmoja aliyesema yanapunguzwaje.

Nikayapunguza kwa njia pekee niliyoijua. Mimi nimekua juu ya kichanja cha dungu nikifukuza ndege kwa kombeo na debe, basi nikadhani kichwa nacho ni shamba. Wazo la Beno likija, napiga kelele. Naimba kwa nguvu, nasugua sufuria, natwanga mpunga usio wa kwangu. Nikaenda kilabuni nako, usijifanye hukumbuki. Nilikuwa mtu wa kuamia mawazo kutwa nzima, na jioni yanarudi yote kwa pamoja, yamekuja na wenzao. Nilikonda mpaka bibi yako akaanza kunipima kiuno kwa kanga kwa siri, aone nimepungua kiasi gani.

Msimu uliofuata tulirudi ng'ambo, mimi na wewe, kwa sababu tulihitaji kula. Wasukuma walikuwa wamehamia upande ule wa mbuga na ng'ombe wao. Asubuhi moja nikakuta kona ya mpunga wangu imekanyagwa na kulaliwa. Nilichukua panga. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini nalo, na nashukuru kwamba sikupata nafasi ya kujua.

Kwenye boma lao nilimkuta mama mmoja, Mama Masanja, peke yake, amechuchumaa kando ya ng'ombe, kibuyu kimebanwa magotini. Aliniona na panga langu, akanisalimia tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Sikuitikia. Nilifungua mdomo nikamwaga yote, ya mpunga na yasiyo ya mpunga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nimeona asubuhi," akasema. "Ni ng'ombe wetu. Mume wangu akirudi tutakuja tuangalie pamoja. Hatukimbii."

"Kuangalia nini? Mpunga umekuwa mavi!"

"Weka panga chini, mdogo wangu. Unatetemeka. Na huyu umeshamtisha, amezuia maziwa."

Nilimuuliza anazuiaje, si yamo? Akasema yamo, lakini ng'ombe akisikia moyo wa mtu unakimbia hashushi hata tone, umvute mpaka kesho. Akanyanyuka, akanionyesha pale alipokuwa amechuchumaa. "Wewe ndiye uliyemtisha. Njoo umtulize."

"Mimi Mpogoro. Ng'ombe namjua akiwa kwenye sufuria."

Alicheka, yule mama. Nilikuja kwake na panga, naye akacheka, akanishika bega akanikalisha, akakisukuma kichwa changu taratibu mpaka paji la uso likagusa ubavu wa ng'ombe. Palikuwa na joto na harufu ya moshi na majani. "Anapumua polepole," akasema. "Mfuate. Akivuta, vuta. Akitoa, toa. Usimtangulie."

"Nikishindwa?"

"Utashindwa. Ukishapotea, rudi."

Hayo ndiyo mafundisho yote niliyopata, Seve. Hakukuwa na jingine. Nilivuta mara chache nikapotea, nikawa nimeshafika kaburini kwa Beno. Nikasikia ubavu unapanda, nikarudi. Nikapotea tena kwa baba yako huko Mlimba, nikarudi. Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia tumbo la ng'ombe linanguruma, mabega yangu yakashuka yenyewe, na kumbe kwa mwaka mzima nilikuwa nimeyapandisha karibu na masikio. Nikaanza kulia, kilio cha polepole ambacho hakikumtisha mnyama. Mama Masanja akapitisha mikono chini yangu, maziwa yakaanza kupiga kibuyu. Nilirudi shambani na panga mkono mmoja na maziwa mkono mwingine, nawe ukaniuliza kama nimeyaiba.

Kuhusu mpunga tulielewana, hilo unalijua. Wavulana wake walikuja kuamia ndege pamoja nasi mpaka mavuno. Lakini mimi nilikuwa nimepata kitu kingine. Saa za jua kali, ndege wakishajificha vichakani, nilianza kukaa juu ya dungu, mikono mapajani, macho nimefumba. Ng'ombe sikuwa naye, nikafuata pumzi yangu mwenyewe. Kanisani wanaita kutafakari. Mama Masanja hakuwa na jina la kitu hicho, alisema tu "kukaa". Nami nakueleza kilivyo kwa sababu huko unakokwenda utakihitaji, na watu watakuambia upunguze mawazo bila kukuambia namna.

Unakaa. Unaacha pumzi iingie inavyotaka, na ikitoka unaiacha itoke mpaka mwisho, bila kuiharakisha. Unakuwa nayo hapo, basi. Mwili hauelewi ukiuambia "tulia", nimeuambia miaka, lakini unaelewa pumzi ndefu. Ile ikitoka taratibu, moyo nao unaacha kukimbia, vidole vinapata joto, taya linalegea. Ni kitu cha mwili kabisa, wala si uchawi, na vidonge vyangu vya presha naendelea kumeza. Ila nililala. Usiku mmoja mzima nililala, nikaamka nimekasirika kwamba hakuna aliyeniamsha.

Nilikosea mengi kabla ya kuelewa. Kosa kubwa nililifanya kwa sababu ya kazi yetu ileile. Nilidhani kutulia maana yake kichwa kiwe kitupu, kwa hiyo nikikaa na Beno akaja, nilimfukuza. Nilimgongea debe mwanangu mwenyewe kichwani mwangu, toka, toka, nitulie. Kisha najichukia kwa kumfukuza, na moyo unaanza mbio upya. Nikamwambia Mama Masanja kwamba kitu chake hakifanyi kazi, mtoto haachi kuja.

Alikuwa anapepeta mtama. Akauliza, "Kwani anakuja kula mpunga wako?"

"Hapana."

"Basi mwache akae."

Nikamwacha akae. Nilipanda dungu, nikafumba macho, akaja na makofi yake na "kweya" zake, nami sikusema kitu. Niliendelea kuvuta na kutoa. Iliuma, mwanangu, iliuma kuliko siku ya kumzika, lakini maumivu yalipanda na kushuka na hayakuniua. Baada ya hapo alianza kuja na kuondoka mwenyewe. Mpaka leo huja. Leo amekuja nikiandika mstari huu.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo nimelijua wiki hii tu.

Nilipogundua raha ya kukaa kimya, niliipenda vibaya. Nikaifanya nyumba ya mtu mmoja. Wewe ulikuwa unakuja chini ya dungu unaniita, "Mama, mama," nami bila kufumbua macho nakujibu, "Niache nitulie." Baada ya muda ukaacha kuita. Tuliporudi mjini ikawa hivyohivyo. Nikikaa mkekani na mgongo wangu kwako, unapita kwa ncha za vidole. Watu wakakusifu mtoto mtulivu, hana kelele, amelelewa. Nami nikazipokea sifa hizo, nikajivuna nazo hasa, mjinga mimi.

Alhamisi mchana nilikuwa nimejilaza. Nikafumbua macho, uso wako uko juu yangu, sikio lako karibu na mdomo wangu.

"Unafanya nini?"

"Hakuna, mama."

"Severina."

"Nasikiliza kama unapumua."

Mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Nikauliza ni tangu lini, ukasema, "Tangu shamba. Ulivyokuwa ukipanda dungu na kufumba macho, nilikuwa nakaa chini, kwenye ngazi. Nilikuwa nasikiliza mpaka ushuke. Na usiku huwa naamka, nasimama kwenye pazia."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Si uliniuliza kwa nini sikusikia ya Beno."

Ulisema bila hasira, kama mtu anayejibu chumvi iko wapi. Kisha ukatoka kwenda kuanua nguo, maana wingu lilikuwa linakuja. Mimi nikainuka nikaenda kusugua sufuria zilizokuwa safi. Nimekaa na neno lako hilo mpaka leo.

Jibu ni hili. Usingeweza kusikia. Ulikuwa mtoto, umechoka kwa kukimbiza ndege kutwa, na watoto wakichoka hulala, ndivyo walivyoumbwa. Aliyetakiwa kuwa macho alikuwa mlangoni, mtu mzima, mama yake, na yeye alilala. Lile swali lilikuwa langu. Lilinijia mimi na sikuweza kulibeba hata kwa dakika moja, nikatafuta wa kumtwisha, nikakuona wewe kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa karibu. Naomba unisamehe. Usiseme "yameisha, mama," kama unavyopenda kusema. Najua hayajaisha, nimeona mwenyewe sikio lako.

Kumbe ule utulivu wako wote ulikuwa lindo. Mimi juu nikipumzika, mtoto wangu chini kwenye ngazi anahesabu pumzi zangu ili zisiishe. Nilidhani nimepona mwenyewe pale juu. Sasa naelewa kwa nini kifua kinakubana kabla ya mitihani, kwa nini unakunja ngumi ukilala, kwa nini umekuwa msichana mkubwa na hujawahi kulala kwa rafiki hata usiku mmoja. Nikifikiria bweni la huko Mbeya, vitanda vimejaa wasichana, najua utakuwa macho unawasikiliza wote. Hilo linaniumiza kuliko kuondoka kwako.

Ninachokuomba ni kidogo, lakini ni kigumu. Ukifika, tafuta mahali, hata kama ni nyuma ya mabafu, ukae. Fumba macho. Najua pumzi ya kwanza utakayotafuta ni yangu, kwa sababu umeizoea kuliko yako. Hutaipata, na moyo utaanza mbio, na utataka kuomba ruhusa urudi Ifakara. Usikimbie wala usijigombeze. Tafuta ya kwako. Ipo hapo hapo chini ya pua yako, imekufuata tangu siku nilipokuzaa na hujawahi hata kuiangalia. Ikitoka, iache itoke mpaka mwisho. Ukipotea ukajikuta huku kwangu, kwenye pazia, usione aibu, rudi. Na Beno akija, mwache akae. Na ukichoka kukaa, inuka ukatafute watu, ucheke nao, usije ukageuza kimya kuwa shimo la kujifichia kama nilivyofanya mimi. Nilitulia sana nikakosa utoto wako.

Sitaki uende. Naliandika hili kwa sababu ni kweli na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Nyumba itakuwa kubwa, na nimeshaanza kumchukia yule atakayekaa karibu nawe kwenye treni bila hata kumjua. Juzi nilishika begi lako nikawaza nilifiche uvunguni, mimi, mama mzima. Lakini ukibaki utabaki kwenye ngazi ile, na mimi sikuzaa mlinzi. Kwa hiyo hapana, sikuambii ubaki. Ukiniuliza tena kesho, jibu litakuwa hilohilo, hata kama nitalitoa nikiwa nalia mbele ya watu wote wa kituoni.

Mimi nitakuwa hapa nikipumua bila kusikilizwa na mtu, kama wanawake wengine wote wa mtaa huu. Presha ninayo, vidonge ninavyo, na siku yangu siijui. Itakapofika utakuwa mbali, labda ubaoni mbele ya watoto wa watu, labda umelala fofofo. Itafika kwa sababu zake yenyewe, Seve. Haitakuwa kwa sababu hukusikiliza.

Lala, mwanangu.

Mama yako